"Ndiyo" ya Kumridhisha Mgeni
(Mhadhara kwa wadadisi wa utafiti wa kaya, Iringa)

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo. Dodoso mlilopewa lina maswali ya hulka mwishoni kabisa, baada ya mifugo, choo na bati. Wengi huyapitia mbiombio kwa sababu giza linaingia. Leo tuyakalie.

Anayepima hulka ya hisia hapimi huzuni ya wiki hii. Anataka kujua mtu huyu siku zote yukoje: huudhika upesi? Huingiwa na wasiwasi kwa jambo dogo? Wanasaikolojia Hans Eysenck na mkewe Sybil walitunga maswali ya ndiyo na hapana, na 12 kati ya hayo yalitumika Uingereza kwenye UK Biobank, utafiti mkubwa wa afya uliosajili watu wapatao 500,000 kati ya mwaka 2006 na 2010. Kila "ndiyo" ni alama moja ya wasiwasi. Kwa mtu mmoja alama hiyo haina uzito mkubwa, lakini ukiwa na maelfu, makosa ya huku na ya kule hufutana.

Kosa linaloegemea upande mmoja ndilo halifutiki, hata ukihoji mkoa mzima. Na kwetu lipo.

Kule wahojiwa walijibu wenyewe kwenye skrini. Sisi tunauliza kwa mdomo. Upo Mufindi, mama anachambua maharage, jirani ameketi pembeni, mama mkwe yuko jikoni. "Mama, wewe ni mtu wa wasiwasi?" "Ndiyo, mwanangu." "Ni mtu mtulivu?" "Ndiyo, mwanangu." Hajakudanganya, amekukaribisha! (Kicheko.) Unauliza kama hujisikia mpweke, anatupia jicho mlango wa jiko, kisha "hapana" ya haraka.

Sasa, yale maswali 12 yote yameelekezwa upande mmoja, wa wasiwasi. Anayeitikia kila kitu anapata 12, na kwenye jedwali lako mama mkarimu huyo anakuwa mwenye wasiwasi kuliko wote wilayani. Ndiyo maana dodoso letu limechanganya: nusu ya maswali yanauliza utulivu, na alama zake hugeuzwa: hapo "hapana" ndiyo hupata alama. Mwitikiaji wa yote anaangukia katikati. Hilo halimpimi vizuri, ila angalau halimsingizii. Swali la mlango wa jiko halitibiwi na hesabu. Hapo ombeni kukaa faragha, na ikishindikana, andikeni nani alikuwepo.

Mwaka 2019 mtafiti Rachid Laajaj na wenzake walichapisha uchambuzi wa takwimu za nchi 23. Waliona kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, maswali ya haiba, yaani hulka, yaliyoulizwa ana kwa ana mara nyingi hayakupima kilichokusudiwa.

Kuna kijana ameuliza kama tutalinganisha Mbeya na Njombe. Bado. Kwanza tuone kama maswali yanashikana, yaani majibu yake yanakwenda pamoja, kwa namna ileile pande zote mbili. Yasiposhikana, sitakubali wastani wa mikoa hiyo uwekwe kwenye chati moja, hata mfadhili akisisitiza.