Bata mzinga wa porini: kidari kwa nyama kavu, miguu kwa nazi

SALMA: Karibuni tena jikoni, wasikilizaji wetu popote mlipo. Mimi ni Salma, mtoto wa Tanga, na leo mdogo wangu Hamisi ametoka kwenye misitu ya Ozarks, kusini mwa jimbo la Missouri, Marekani, na mzigo ulionifanya nifute meza mara mbili. Hamisi, karibu.

HAMISI: Shikamoo, dada Salma.

SALMA: Marahaba. Habari za mawindo?

HAMISI: Njema sana. Bata mzinga dume, mwenye ndevu kifuani. Majira haya ya kuchipua majani, kwenye mwezi wa nne na wa tano, ndiye anayeruhusiwa. Unakuwa na kibali, na ukishampata lazima uripoti kwa idara ya wanyamapori ya jimbo kabla ya saa nne usiku siku hiyo hiyo.

SALMA: Na Bismillahi?

HAMISI: Kabla ya kufyatua. Nikimkuta bado ana roho namchinja palepale. Ndivyo nilivyofundishwa, na siachi.

SALMA: Hapo nimetulia. Sasa watu wetu wengi huku wanamjua bata mzinga wa dukani tu, yule wa sikukuu ya Shukrani, mwezi wa kumi na moja. Waeleze huyu ana tofauti gani.

HAMISI: Dada, ni ndege wawili kabisa jikoni. Wa dukani amefugwa anenepe, kifua kimejaa mpaka hawezi kuruka. Huyu wa porini anakimbia, anaruka, usiku analala juu ya mti. Kwa hiyo mafuta hana, na miguu yake imefanya kazi kila siku. Ukimtia oveni mzima kama wa dukani, kidari kitakauka kabla miguu haijaanza hata kulainika. Watu wanajaribu mara moja, wanasema nyama mbaya. Nyama nzuri! Kosa ni kumpika mzima.

SALMA: Nataka kuongeza neno hapa, maana mimi ndege huyu namheshimu. Kufikia miaka ya 1930 Marekani nzima ilikuwa imebaki na kama laki mbili tu. Misitu ilikatwa, watu wakawinda bila kikomo. Wakajaribu kufuga vifaranga na kuwaachia msituni, haikusaidia, hawakujua kuishi huko. Kilichosaidia ni kuwanasa wale wa porini wenyewe, kwa nyavu kubwa zinazorushwa kwa baruti, na kuwahamishia kwenye misitu iliyobaki mitupu.

HAMISI: Na leo ni kama milioni 6. Hapa Missouri walifungua tena msimu wa kuwinda mwaka 1960, baada ya kusubiri miaka mingi.

SALMA: Ndiyo maana roho inaniuma nikisikia mtu amekata kidari na mengine akayaacha. Ndege amerudishwa kwa jasho la watu, halafu wewe unatupa miguu?

HAMISI: Tutafika kwenye miguu, dada.

SALMA: Haya, anza na kidari. Nyama kavu.

HAMISI: Wenyeji huku wanaiita jerky, neno lililotoka kwa Waquechua wa milima ya Andes, wao wanasema ch'arki. Kwanza unakagua. Kifuani mwa dume wa msimu huu kuna tabaka la mafuta laini, limekaa kama sifongo; ni akiba yake ya kipindi cha kutafuta majike, maana kula anakumbuka kidogo. Hilo toa lote, mafuta huchacha upesi. Kisha pitisha kidole kwenye mnofu polepole. Mahali palipoingia risau, zile chembe za risasi za bunduki, utaona doa jeusi la damu, na mara nyingi risau imevuta unyoya mpaka ndani. Fuata unyoya ule kwa ncha ya kisu, utaikuta imekaa mwisho wa njia.

SALMA: Msiruke hatua hiyo. Risau moja inavunja jino.

HAMISI: Halafu kidari kinaingia friza kama saa moja na nusu. Kisigande kuwa jiwe, kishike tu, ukibonyeza kidole kiache alama kidogo. Hapo kisu kinapita kama kwenye jibini. Kata vipande vya unene wa milimita 5 au 6, vyote sawa, la sivyo vyembamba vinakuwa kuni huku vinene bado vina maji.

SALMA: Kufuata nyuzi au kuzikata?

HAMISI: Ukifuata nyuzi unapata nyama ya kutafuna safari nzima. Ukizikata inakatika mdomoni kwa urahisi. Mimi nazikata, kwa sababu ya wazee na watoto.

SALMA: Viungo ni vyangu, hapo niachie. Kwa kilo moja ya mnofu naweka nusu kikombe cha sosi ya soya, ukwaju uliokamuliwa vijiko viwili, kitunguu saumu na tangawizi vilivyotwangwa, pilipili manga nyingi, na kipande cha sukari guru niliyoisaga. Pilipili mbuzi kwa anayetaka. Inalala kwenye friji usiku mzima, siyo juu ya meza. Ukwaju ndio siri yangu. Nyama isiyo na mafuta inahitaji kitu cha kuamsha mate.

HAMISI: Sasa wasikilizaji, sogeeni karibu. Kabla ya kukausha, nyama ya ndege lazima iive. Ndani ya kipande joto lifike nyuzi 74 za Selsiasi. Idara ya kilimo ya Marekani inalisisitiza hilo, na mimi nalisisitiza zaidi.

SALMA: Waeleze kwa nini, maana najua mtu atasema mashine si ina joto?

HAMISI: Mashine ya kukaushia huwekwa kwenye nyuzi 54 hadi 60. Lakini nyama mbichi inapokauka, unyevu unaotoka unaipoza, kama jasho linavyompoza mtu. Mashine inasoma 60, nyama iko chini ya hapo kwa saa kadhaa. Na unyevu ukishakwisha, bakteria waliobaki wamekwisha kuwa sugu. Aliyekauka anastahimili joto kuliko aliye majini. Salmonela, bakteria anayeharisha watu, kwenye ndege si jambo la kubahatisha. Kwa hiyo ninavipika vipande kwa mvuke, au naviweka kwenye oveni, napima kwa kipimajoto, kikifika 74 ndipo vinaingia kwenye mashine.

SALMA: Kwetu ng'onda, samaki mkavu, ni hivyohivyo, lakini pale chumvi ndiyo mlinzi. Samaki anapasuliwa, anashindiliwa chumvi, anaanikwa jua kali. Chumvi ile huwezi kuila mpaka uroweke. Nyama hii ina chumvi kidogo, basi moto ndio ufanye kazi ya chumvi.

HAMISI: Umelisema vizuri. Mwaka wa kwanza niliruka hatua hiyo, halafu nikafunga nyama kwenye mfuko ingali ya moto. Siku ya tano nikaona ukungu wa kijani pembeni. Nikatupa kidari kizima. Iliniuma kuliko kukosa ndege.

SALMA: Pole. Kwa hiyo inakaushwa muda gani?

HAMISI: Saa 4 mpaka 8, kutegemea unene. Usiangalie saa, angalia kipande. Kitoe, kiache kipoe, kikunje. Kikipasuka nyufa nyeupe bila kukatika, tayari. Kikikatika, umepitiliza. Kilo moja mbichi itakupa kama robo kilo. Iache ipoe kabisa ndipo ufunge. Nje ya friji nailia ndani ya wiki mbili, inayobaki inakwenda friza.

SALMA: Na kidari cha pili?

HAMISI: Hicho nakata vipande vyembamba kinyume cha nyuzi, napiga kwa mwiko mpaka vilale, unga kidogo, kikaango cha moto, upande mmoja mmoja. Chakula cha jioni ileile.

SALMA: Haraka na tamu. Sasa nipishe kwenye miguu. Mguu wa huyu ndege, chini ya goti, una kano ngumu kama sindano za kufumia. Ukimkaanga utapigana naye. Mimi naubandika kwenye sufuria nzito, maji yafunike, kitunguu, chumvi, mdalasini kijiti kimoja, moto mdogo kabisa. Saa tatu, pengine nne kwa dume mzee. Sina haraka. Unajua iko tayari pale unaposhika ncha ya kano kwa vidole, ukavuta, ikateleza yote ikatoka kavu, nyama ikabaki. Sauti yenyewe nailewa, kama uzi unaochomolewa kwenye nguo.

HAMISI: Siku ya kwanza kuniita nione hilo nilinyamaza.

SALMA: Nyama ile ni nyeusi, ina ladha ya msitu, inataka nazi. Nakaanga kitunguu, bizari, nyanya mbili, natia tui jepesi na supu ileile ya miguu, ikichemka narudisha nyama, mwisho tui zito, na ndimu. Kwa wali. Mama mmoja wa Bukavu, jirani yangu, alikula akaniuliza kama ni mbuzi.

HAMISI: Na iliyobaki?

SALMA: Nachambua ndogondogo, giligilani, pilipili manga, sambusa. Nyama ya miguu iliyopikwa taratibu haikauki ndani ya manda, kidari hukauka. Firigisi nazisafisha, nazichemsha, nakaanga na vitunguu vingi. Hizo hazifiki mezani, zinaliwa nikiwa bado nimesimama jikoni.

HAMISI: Dada, nimekuletea mfuko wa ile ya juzi. Onja.

SALMA: Ngoja... Mmm. Ukwaju umekaa. Umezidisha tangawizi kidogo, lakini imekunjika vizuri, tazama nyufa hizi. Hii ungempa mtu wa safari ya Chicago mpaka Dallas asishuke kula. Hamisi.

HAMISI: Naam.

SALMA: Mifupa ya kifua umeiweka wapi?

HAMISI: Iko kwenye boksi la barafu, ndani ya gari.

SALMA: Kailete. Sufuria ya supu nimeshaibandika.