Kabla hujaiweka picha ya mtu status, umemuuliza?

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Leo tuongee kuhusu hizi simu, maana kila mtu humu ndani anayo.

Mnakumbuka ule ubatizo wa mwaka jana hapa Bagamoyo, pale ufukweni. Binti mmoja katoka majini, gauni jeupe limelowa chapachapa limemgandia mwilini, macho kafumba, analia kwa furaha, na mimi kwa furaha zangu nikampiga picha, nikaweka status hapohapo nikaandika Mungu ni mwema. Sikumuuliza. Jioni mamake akanipigia, wala hakufoka, akasema tu dada, mwanangu kajifungia chumbani, wenzake wa kazini wanarushiana ile picha. Nikafuta. Sasa nafuta nini, status inakaa saa 24 na watu wameshapiga skrinishoti, mpaka leo sijui iko kwenye simu za nani.

Ndo nikarudi Mwanzo 9. Nuhu kalewa, yuko uchi hemani, Hamu kaona katoka nje kuwaambia nduguze. Hakuzusha jamani, alichosema ni kweli tupu na bado alikosea, na hapo ndo pananichoma, maana sisi tunajitetea kwani nimemtungia, si picha yake? Shemu na Yafethi wakaweka nguo mabegani, wakaenda kinyumenyume, nyuso wamegeuza pembeni, wakamsitiri baba yao bila kumwangalia.

Tukifika 1 Timotheo 2 tunawabana mabinti kuhusu mavazi ya kujisitiri, ila aliyeshika kamera hatumgusi. Mgonjwa kalazwa, mipira puani, shuka limemvuka, tunaposti tuombeeni. Ombi linahitaji jina tu, na hata jina umuulize kwanza. Mtoto anaoga kwenye beseni, eti bado mdogo, kesho atakuwa sekondari na wenzake wanayo hiyo picha.

Na serikali nayo imeliona, Katiba ibara ya 16 inalinda faragha ya mtu, na ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Lakini Mkristo asisubiri polisi.

Yule binti nilimfuata kwao nikamwomba msamaha mbele ya mamake, akanyamaza kidogo, akaniambia mama, ungenifunika kwanza. Kwa hiyo Jumapili hii ubatizoni kinamama wawili watasimama na khanga maji yanapoishia, kila anayetoka anafunikwa, simu zote zikae kwenye kapu langu, na anayetaka picha atapigwa akishabadili nguo, kwa simu yake mwenyewe.