Plaiwudi Si Aibu

(Mazungumzo na vijana wa muziki, Chake Chake, Pemba)

Assalaam alaykum. Nawaona huko nyuma mmeshika simu, mnatizama picha za magitaa. Zimeni kwanza. Kwenye picha gitaa lolote linang'aa.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuchagua gitaa kavu lenye umeme, lile unalolipiga barazani hivi hivi na usiku ukalichomeka waya ukumbini, kwa mtu mwenye mfuko mdogo. Gitaa lina nyuzi ngapi na linashikwaje, hayo naruka, mnayajua. Naanza na ugomvi wangu wa siku zote, na walionisikia kule Wete wanistahamilie.

Mnasumbuka bure na ubao mzima. Kijana ana laki nne, pesa za karafuu, kapanda boti mpaka Unguja, kaingia dukani, swali lake moja tu: uso wa gitaa hili ni ubao mzima au plaiwudi? Akiambiwa plaiwudi analirudisha hata nyuzi hajazigusa. Nani kawafundisha haya? Wazungu wa kwenye video. Wao wanakaa nchi ambazo hewa ya wakati wa baridi hukauka mpaka watu wanatia maji ndani ya sanduku la gitaa lisije likapasuka. Sisi shida yetu iko upande wa pili kabisa.

Watengenezaji wanataka gitaa likae kwenye unyevu wa asilimia 45 mpaka 55. Hapa masika yakishika, asilimia 80 ni jambo la kawaida. Na nani humu ndani wa kufundishwa unyevu? Mmekulia kwenye majamvi ya karafuu, wingu likitokeza upande wa Kojani nyumba nzima inakimbia kuzoa. Ubao mwembamba wa gitaa unakunywa hewa vile vile, ila huo hakuna anayeukimbilia.

Niliwahi kuletewa gitaa moja la sprusi, mbao ya miti ya nchi za baridi, ubao mzima, zuri kweli, mjomba mtu kalituma kutoka Maskati. Mwenyewe kalitundika ukutani, na ukuta wenyewe ni wa nje, unaopigwa na mvua. Masika yalipokwisha akaja nalo: "Mwalimu, gitaa limekuwa gumu." Nikalilaza mezani. Nyuma ya daraja, pale zinapofungwa nyuzi, uso umetuna, ukiweka rula juu yake inayumba huku na huku. Nikachukua karatasi nikaipenyeza chini ya daraja, ikaingia. Gundi ishaanza kuachia. Kwenye freti ya 12, kile chuma cha kumi na mbili cha shingoni, uzi mnene uko juu karibu milimita 5, na mtoto vidole vimemchubuka, anadhani hana kipaji. Nyumbani washamwambia aliache, akapige udi, ala ya babu yake. Kipaji anacho! Alichokosa ni ukuta mkavu. Tukalegeza nyuzi, tukalitia sandukuni pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, uvimbe ukapungua. Lakini daraja lilitaka kubanduliwa na kugandishwa upya, na fundi wa kazi hiyo kisiwani humu mnajua wenyewe anavyotafutwa.

Plaiwudi ni tabaka nyembamba zilizogandishwa, nyuzi za mbao za tabaka hii zinapishana na za ile, kwa hiyo zinazuiana kuvimba. Haivimbi hata kidogo? Inavimba, lakini si kama ule ubao wa mjomba.

Sasa namwona mmoja pale ananyoosha kidole, najua atakalosema. Sauti. Sawa, ubao mzima unalia vizuri zaidi, sibishi, ukiwa chumbani peke yako na kimya. Lakini wewe umekuja kuulizia gitaa la kuchomeka waya. Pikapu, kile chombo cha kunasa sauti, kwenye magitaa ya bei hii ni kijiti chembamba kilichofichwa chini ya ule mfupa mweupe wa darajani. Kikibanwa kinatoa umeme, jambo walilolionesha wanasayansi wa Ufaransa, Pierre Curie na kaka yake Jacques, mwaka 1880. Kijiti kinasikia mtikisiko unaofika mfupani. Ile sauti tamu inayotoka tunduni kwa njia ya hewa hakiijui. Kwa hiyo uzuri uliolipia zaidi, mwingi wake unabaki jukwaani na wewe, na bi harusi na wageni wake hawaupati.

Na kama bado mnaona aibu, Marekani kuna magitaa ya Ovation, kampuni aliyoianzisha Charles Kaman, mtengenezaji wa helikopta, miaka ya 1960. Uso ulikuwa mbao, lakini mgongo ulikuwa plastiki iliyotiwa nyuzi za kioo! Glen Campbell, mwimbaji wa huko huko, alilipiga kwenye televisheni, nchi nzima ikamtizama.

Basi zile laki nne usizimalize dukani. Weka kando elfu hamsini za nyuzi mpya na fundi. Ukifika, lipige kavu kwanza, bila ya waya. Muuzaji atakuwa na haraka ya kukuonesha taa za tuna, kile kipimo cha noti, na vitufe vya besi. Mwache. Chukua rula ya mtoto wa skuli, pima freti ya 12: uzi mnene ukiwa milimita 2 na nusu hivi, sawa. Ukipita 3, uliza kwa nini. Piga uzi wazi, kisha ubane hapo hapo kwenye 12, tuna isome noti ile ile. Ikisoma nyengine, liache. Pitisha kiganja ubavuni mwa shingo, chuma cha freti kisikukwaruze.

Ndipo uchomeke waya. Piga uzi mmoja mmoja kwa nguvu zile zile. Mmoja ukitoka mdogo, mfupa haukukaa sawa juu ya pikapu. Hilo fundi analiweza, lakini lipunguze bei. Tikisa waya pale unapoingia, usikie kama unakatika. Fungua kijumba cha betri uone kama kuna kutu ya kijani. Na waya chomoeni usiku! Betri inaliwa muda wote waya ukiwa umechomekwa, hata gitaa limelala.

Majina? Kwa jukwaa, Yamaha APX600, uso wake plaiwudi ya sprusi, mwili mwembamba wa milimita 80 mpaka 90, halipigi mayowe haraka mbele ya spika. Barazani litakuwa na sauti ndogo, mjue. Mengine yapo, pimeni kwa rula ile ile.

Mtu wa taarab asiniulize habari ya rasti na bayati, zile maqamu za Kiarabu. Freti hazina robo ya sauti, mrudie mpiga udi.

Nilitaka kusema habari ya magitaa ya mtumba, na naambiwa dakika zimekwisha kwa sababu ya karafuu zangu. Haya. Aliyekuja na gitaa alilete mbele tulipime, na rula nnayo moja tu, msigombanie.