Usingoje Afikishe Miaka 18

JUMA: Karibuni tena. Leo tunazungumza na wazazi walioko England wenye kijana mwenye ulemavu anayekaribia utu uzima. Scotland na Wales wana sheria zao, hizo tuziache. Dada Rehema, mbona wengi hushtuka mtoto akifika 18?

REHEMA: Kwa sababu idara inabadilika, Kaka Juma. Huduma za watoto zina maofisa wake, za watu wazima zina wengine, na vigezo vya kupata msaada si vilevile. Familia iliyozoeana na ofisa mmoja miaka na miaka inajikuta inajieleza upya kwa mgeni.

JUMA: Basi mzazi angoje barua ya halmashauri?

REHEMA: Asingoje! Sheria ya matunzo ya mwaka 2014, Care Act, inaruhusu kijana au mzazi kuomba tathmini ya mahitaji kabla ya miaka 18. Omba kwa maandishi, uweke nakala. Wakikataa, lazima waseme kwa maandishi ni kwa nini. Barua hiyo ndiyo utakayoishika ukienda kulalamika.

JUMA: Aombe akiwa na umri gani?

REHEMA: Sheria haikutaja umri. Ila kijana mwenye mpango wa elimu, afya na matunzo, ule unaoweza kuendelea hadi miaka 25, kuanzia darasa la tisa, yaani miaka 13 au 14, mapitio ya kila mwaka lazima yagusie maisha ya utu uzima: kazi, makazi, marafiki, afya. Anzia hapo. Mwombe ofisa wa huduma za watu wazima naye aje kikaoni.

JUMA: Na siku ya 18 ikifika tathmini haijaisha?

REHEMA: Huduma alizokuwa akipata hazikatwi mpaka halmashauri itoe uamuzi. Wazazi wengi hawalijui hili, na linaniuma, maana wapo wanaokubali kukaa bila msaada wakidhani ndiyo sheria.

JUMA: Gharama je?

REHEMA: Anaweza kutozwa mchango, lakini kinachopimwa ni kipato na akiba ya kijana mwenyewe. Mshahara wa mama haumo.

JUMA: Kuna mzazi atasema, "Mwanangu haongei, mimi ndiye msemaji wake."

REHEMA: Namwelewa sana, amembeba tangu utotoni. Lakini sheria ya mwaka 2005 kuhusu uwezo wa kuamua inaanzia miaka 16, na inamchukulia kila mtu kuwa anaweza kuamua mpaka ithibitike vinginevyo. Kwanza asaidiwe: picha, ishara, muda wa kutosha. Asiye na ndugu wala rafiki wa kumsaidia kushiriki, halmashauri impatie mtetezi wa kujitegemea. Mimi ningeanza na swali dogo tu: siku yako ungependa iweje? Jibu lake liandikwe kwenye tathmini jinsi alivyolitoa.

JUMA: Na mzazi mwenyewe amechoka.

REHEMA: Naye ana haki ya kutathminiwa kama mlezi. Aiombe katika barua ileile ya kuomba tathmini ya kijana.