Mahakama Haikumkataza Mwanao Kusali

(Mhadhara kwa wazazi wanaozungumza Kiswahili, Columbus, Ohio)

Wazee wangu shikamooni. Mama zangu, kaka na dada, asalaam aleikum, Bwana asifiwe, karibuni wote. Mwenyekiti keshanionya kuhusu muda kwa hiyo naingia moja kwa moja.

Nimeombwa niongelee hukumu za Mahakama ya Juu ya hapa Marekani, yaani utoaji mimba, ndoa na sala shuleni, mambo ambayo watu wanagombana nayo kila siku kwenye TV na kwenye magrupu yetu. Naanza na sala kwa sababu ndiyo inayowagusa watoto wetu kila asubuhi, na wanaonijua wanajua kila nikipewa maiki nalisema hili na nitaendelea kulisema: hakuna hukumu ya Mahakama ya Juu iliyomkataza mtoto kusali mwenyewe shuleni. Hakuna. Si mwaka 1962, si leo.

Najua mtu pale nyuma anasema mbona tumetumiwa voisi noti, eti Marekani walimfukuza Mungu shuleni mwaka 1962 ndiyo maana watoto wanapigana risasi. Hiyo voisi noti naijua, ikizimwa huku inaibuka kule. Sasa leo nipeni nafasi niwaeleze hiyo 1962 kilitokea nini, maana wanaoitaja ni wengi na walioisoma siwaoni.

Ni jimbo la New York. Kule elimu ya jimbo inasimamiwa na bodi inaitwa Regents. Mwaka 1951 hao wakubwa wakatunga sala. Nasema wakatunga, si kwamba waliitoa kwenye Biblia au kwa Mtume au kwa askofu yeyote, walikaa watumishi wa serikali wakaiandika kisha wakapendekeza shule ziitumie. Ilikuwa fupi, maneno 22 kwa Kiingereza, kwa kwetu ni hivi: Mwenyezi Mungu, tunakiri kwamba tunakutegemea Wewe, na tunaomba baraka zako juu yetu, wazazi wetu, walimu wetu na nchi yetu. Basi, imeisha. Haina Yesu, haina Muhammad, haina Musa, imepigwa pasi mpaka haina mwenyewe. Mwaka 1958 bodi ya shule moja ya huko Long Island, sehemu za New Hyde Park, ikaamua isomwe kila asubuhi madarasani, mwalimu yupo, watoto wanaitikia.

Wazazi watano wakaenda mahakamani. Kati yao kuna Wayahudi, kuna wengine wa imani nyingine, na mmoja alikuwa haamini kabisa. Jina la kwanza kwenye orodha ni Engel, ndiyo maana kesi inaitwa Engel. Walitukanwa, walipigiwa simu za vitisho, mmoja wao alichomewa msalaba mbele ya nyumba yake. Tarehe 25 Juni 1962 Mahakama ya Juu ikasema, majaji sita kwa mmoja, kwamba serikali haina kazi ya kutunga sala na kuwapa watoto waisome. Aliyeandika hukumu ni Jaji Hugo Black, mtu wa Alabama, aliyefundisha shule ya Jumapili kwenye kanisa la Kibaptisti miaka mingi. Si mpinga Mungu. Na alichokieleza mle ndani ni kwamba waliokuja kuanzisha hii nchi wengi waliikimbia Uingereza kwa sababu kule Bunge lilikuwa linapanga watu wasali vipi na kitabu gani, na kila akibadilika mtawala na sala inapiganiwa upya. Kwa hiyo kilichofungwa mkono pale ni serikali. Mtoto hakuguswa. Na Rais Kennedy, Mkatoliki, alipoulizwa na waandishi wa habari siku mbili baadaye akajibu kwamba dawa yake ni rahisi, watu wasali zaidi majumbani na waende kanisani na watoto wao.

Sasa kuna mtu ataniambia lakini si ilikuwa hiari, mtoto asiyetaka angeweza kunyamaza au kutoka nje. Hii hoja inanichosha kwa kweli, maana anayeisema huwa anajiona yuko kwenye kundi la wanaobaki ndani. Hebu fikiri ni binti yako, ana miaka saba, hijabu kichwani, Kiingereza bado hajakishika vizuri, darasa zima limesimama na yeye anatakiwa anyanyuke peke yake atoke akasimame koridoni mpaka wenzake wamalize. Kila siku. Hiyo ni hiari gani? Au mgeuze, ni mwanao Mlokole na wilaya hiyo wengi ni wa dini nyingine na sala ni ya kwao. Utakubali?

Mwingine atasema kwetu tulisali shuleni na hatukufa. Kweli, mimi mwenyewe nimekulia Tanzania na kipindi cha dini tulikuwa nacho, ila kumbukeni kilivyokuwa: Waislamu darasa hili na ustadhi wao, Wakatoliki lile na katekista wao, Walutheri kule. Ofisa elimu wa mkoa hakutuandikia sala moja ya watu wote. Hata kule tulijua hiyo si kazi yake.

Na wazee wangu wa Kongo mliopo hapa, ninyi ndio mngepaswa kuwa mbele yangu kwenye hili. Mnaikumbuka Zaire. Mwaka 1972 Mobutu akafuta majina ya Kikristo, mtu kabatizwa Joseph anaambiwa hilo jina si lako tena, Kardinali Malula akapinga na ikabidi aondoke nchini. Mwaka 1974 Krismasi ikafutwa kwenye sikukuu za serikali, shule za makanisa zikachukuliwa, somo la dini likatolewa likawekwa somo la siasa za chama, na picha ya rais ikapanda ukutani palipokuwa na msalaba. Mzee, ukiipa serikali mamlaka ya kumfundisha mwanao kusali, umeipa na mamlaka ya kubadilisha ile sala. Wale wale. Kalamu ile ile. Ndiyo maana mimi muumini naitetea hukumu ya 1962 kwa nguvu zote.

Haya, niwape la hapahapa mjini, shule siitaji. Kijana wa darasa la nane, Ramadhani, anataka kusali adhuhuri wakati wenzake wako chakula cha mchana, yeye si amefunga hana la kufanya kantini. Akamuuliza mfanyakazi mmoja wa shule kama anaweza kutumia kona ya maktaba. Akaambiwa hapa ni shule ya serikali, sheria hairuhusu. Mtoto akarudi nyumbani akanyamaza, mama yake akamwambia mwanangu nchi ya watu hii, tufuate sheria zao, utaikidhi ukirudi. Yule mama nilikutana naye kwenye mambo mengine kabisa, nilikuwa nimekwenda kumtafsiria, akanisimulia kama jambo lililokwisha. Nilikasirika, si kwa mama, kwa jinsi uongo mmoja unavyoweza kukaa kwenye kichwa cha mfanyakazi wa shule na kwenye kichwa cha mama mkimbizi kwa pamoja, wote wawili wakiamini mahakama imesema!

Tukachapa mwongozo wa Wizara ya Elimu ya serikali kuu. Upo tangu enzi za Clinton, 1995, umefanyiwa marekebisho mara kadhaa na marais wa vyama vyote viwili. Unasema mwanafunzi anaweza kusali, kusoma Biblia au Kurani yake, kushukuru kabla ya chakula, wakati wowote ambao hayuko kwenye somo, kwa masharti yaleyale wanayopewa watoto wengine wanaopiga soga. Na ule wa 2003 ukatoa kabisa mfano wa Waislamu, kwamba shule inaweza kisheria kuwatoa darasani kwa muda mfupi wakasali wakati wa Ramadhani. Imeandikwa na serikali yenyewe! Mama akaingia ofisini na karatasi mbili, mstari umepigwa rangi ya njano, mkuu wa shule akasoma, akaomba radhi, na kijana akapewa ile kona ya maktaba nyuma ya rafu za atlasi. Hatukuhitaji wakili wala senti tano.

Kwa hiyo andikeni. Sheria ya mwaka 1984 inaitwa Equal Access, na Mahakama ya Juu iliithibitisha 1990: sekondari ya serikali inayopokea fedha za serikali kuu, ikiruhusu klabu ya chesi au ya kujitolea ambayo haihusiani na masomo, lazima iruhusu na klabu ya Biblia au ya wanafunzi Waislamu, mradi inaongozwa na wanafunzi wenyewe. Watoto wenu waombe. Na hapa Ohio tangu 2025 kuna sheria inayotaka kila wilaya ya shule iwe na utaratibu wa kumruhusu mtoto atoke saa za shule akasome dini nje ya shule mzazi akiridhia kwa maandishi, mmeyaona yale mabasi yanayowabeba. Watu wanadhani ni kwa ajili ya kanisa moja tu. Si kweli, hata madrasa inaweza kuomba ikitimiza masharti.

Kuna wanaosema sasa sala imerudi shuleni kwa sababu ya yule kocha wa timu ya shule ya Bremerton, jimbo la Washington. Hapana. Hukumu ile ya Juni 2022 ilimhusu mwajiriwa aliyepiga goti katikati ya uwanja baada ya mechi, majaji sita wakasema ile ni sala yake binafsi, watatu wakapinga wakaweka na picha kuonyesha wachezaji walivyomzunguka. Mimi niko na wale watatu, maana mchezaji anayetaka kupangwa mechi ijayo atamwangalia kocha anafanya nini. Ila hata hiyo haikuifuta ya 1962. Mwalimu akisimama leo akaongoza darasa kusali, hiyo ni kesi.

Muda umeniacha, naona mwenyekiti ananionyesha vidole. Ndoa naipitia haraka.

Hukumu ya ndoa za jinsia moja, Juni 2015, majaji watano kwa wanne, inaitwa Obergefell na mwenyewe ni mtu wa hapahapa Ohio, Cincinnati. Mwenzake alikuwa mahututi, Ohio ilikuwa imezuia ndoa hizo kwenye katiba yake tangu 2004, wakakodi ndege ya kubebea wagonjwa mpaka Baltimore, wakafungia ndoa ndani ya ndege ikiwa imesimama uwanjani, wakarudi. Ugomvi ulikuwa cheti cha kifo kiandike marehemu alikuwa na mwenza au la. Yaani kuna mtu anauguza, na ofisi ya jimbo inajiandaa kuandika kwamba hakuwa na mtu. Msimamo wa dini zenu naufahamu na sikuja kuubadilisha. Ninachotaka mwache ni kutishana kwamba mchungaji au shehe atalazimishwa kufungisha. Hukumu yenyewe inasema dini zitaendelea kufundisha zinavyoamini, na sheria ya Kongresi ya Desemba 2022 inayolinda ndoa hizo imeyaondolea makanisa na misikiti wajibu wa kuhudumia sherehe hizo. Na vitabu vya hadithi darasani vinavyogusa mambo ya jinsia moja, vinavyowatia wasiwasi wengi wenu, Juni 2025 wazazi wa Maryland, Waislamu na Wakristo pamoja, walipata amri ya Mahakama ya Juu kwamba waarifiwe mapema na waruhusiwe kuwatoa watoto wao kwenye vipindi hivyo wakati kesi inaendelea. Tuna karatasi yake pale mezani.

Mimba. Juni 24, 2022, hukumu inayoitwa Dobbs. Voisi noti ikasema Marekani imepiga marufuku utoaji mimba. Haikupiga. Iliondoa ulinzi wa kikatiba uliokuwepo tangu 1973 ikasema jambo hili liamuliwe na wananchi na wawakilishi wao. Hapa Ohio siku ileile ikaanza kutumika sheria ya mapigo ya moyo, inayozuia kutoa mimba mapigo yakishasikika, karibu wiki sita, wanawake wengi hata hawajajua kama wamebeba. Miezi michache baadaye jaji akaisimamisha. Agosti 2023 wabunge wa jimbo wakajaribu kupandisha kiwango cha kubadili katiba ya jimbo kifike asilimia 60, wananchi wakakataa. Novemba 7, 2023 ikapigwa kura, asilimia kama 57 wakaingiza haki ya kutoa mimba kwenye katiba ya jimbo. Sasa ninyi mliolia kwa furaha na ninyi mliolia kwa uchungu, wangapi mlipiga kura? Nawauliza wenye uraia, maana mwenye grinkadi asiguse kabisa, kupiga kura bila uraia ni kosa na unaweza kurudishwa ulikotoka, msikubali mtu wa mtaani akuandikishe kwa kukuhimiza tu. Lakini walioapa uraia humu ni wengi, sherehe zenu tumekula pilau. Na nilizunguka nyumba hadi nyumba ile Oktoba, watu wana msimamo mkali ajabu, ukiuliza umejiandikisha, kimya. Mwisho wa kujiandikisha Ohio ni kama siku 30 kabla ya uchaguzi, ukipitisha umechelewa.

Nilitaka niwaeleze pia kuhusu Mashahidi wa Yehova na ile hukumu ya 1943 ya kutolazimishwa kusalimu bendera, ni nzuri sana, ila mwenyekiti amesimama sasa. Fomu za klabu za shule ziko upande wa kushoto, za kujiandikisha kura kulia, njooni na leseni au kitambulisho cha jimbo. Mama mwenye mtandio wa bluu, ulinyanyua mkono tangu nikiwa New York, anza wewe.