Picha kongwe za wanaume waliocheza nafasi za kike: kuitoa kwenye albamu, kuisoma, kuiskani

Habari zenu watazamaji. Mezani leo kuna postikadi ya Julian Eltinge, ingali ndani ya albamu yake, na pembeni kuna nyingine tatu zisizo na jina. Tunaanza na Eltinge kwa sababu alipigwa picha nyingi mno. Alizaliwa 1881 huko Newtonville, Massachusetts, kwa jina la William Julian Dalton, na kufikia 1912 Mtaa wa 42 New York ulikuwa na ukumbi wa maigizo wenye jina lake, matunda ya kazi ya kucheza nafasi za kike. Kadi zake ni shule nzuri ya jicho.

Nawa mikono, ikaushe kabisa, tandika karatasi safi, shika kingo tu. Twende.

Sasa kuitoa, na hapa naomba utulie. Kona nne za kadi zimechomekwa kwenye mikato ya karatasi nyeusi ya albamu. Mkono wenyewe unataka kukunja kona ya kadi ili ichomoke. Usifanye hivyo. Utando wa jelatini unaobeba picha umekauka kwa zaidi ya miaka mia. Ukiukunja hata kidogo unapasuka, na ule ufa mweupe haufutiki. Kinachokunjwa ni albamu, kadi haikunjwi. Tazama: naingiza kipande chembamba cha plastiki ya polista chini ya kadi, nakisukuma taratibu hadi kwenye kona, halafu naibonyeza karatasi ya albamu ishuke. Kona imetoka yenyewe. Ya pili hivyohivyo... subiri, taa inapiga mng'ao, hapo hamuoni kitu. Nasogeza taa kushoto. Haya, narudia kona ya pili: albamu inashuka, kadi inabaki bapa.

Na kama imebandikwa kwa gundi? Iache. Usiiloweshe, usiitie mvuke, usipitishe kisu. Jelatini ikipata maji inavimba na kunata, na picha inabaki kwenye vidole vyako. Skani ukurasa mzima.

Geuza kadi. Wengi wanakimbilia gauni, lakini umri uko mgongoni. Kuna mstari katikati, kushoto ujumbe, kulia anwani. Marekani iliruhusu mgawanyo huo kuanzia Machi 1907. Kabla ya hapo upande huu ulikuwa wa anwani peke yake. Uingereza walitangulia, 1902. Sasa chukua kioo cha kukuzia, nenda kwenye kisanduku cha stempu. Limeandikwa neno AZO, jina la karatasi ya kuchapia picha, na kila kona ina pembetatu ndogo. Zote nne zikielekea juu, karatasi ni ya 1904 hadi 1918. Mbili juu na mbili chini, ni 1918 hadi 1930. Zetu zote ziko juu, kwa hiyo kadi hii ni ya kati ya 1907 na 1918. Huo ni umri wa karatasi. Negativu, yaani ile picha ya kinyume inayochapiwa kadi, inaweza kuwa ya zamani zaidi, kwa sababu studio zilichapisha tena zilizouzika.

Ili kutambua nakala za baadaye, zima taa za chumba, washa tochi ya mwanga wa urujuanimno (UV). Karatasi ikiwaka bluu nyeupe, ina king'arishi kilichoanza kutumika miaka ya 1950. Hii haiwaki. Vizuri.

Upande wa picha sasa. Laza tochi ya simu karibu kabisa na meza, mwanga upite juu ya kadi kama jua la jioni. Kona ya chini kulia, mnaona? Herufi zimeinuka bila wino. Huo ni muhuri wa studio wa kugandamiza, na ukiutazama kwa mwanga wa juu hauonekani kabisa. Sehemu nyeusi zinazometa kama bati ni fedha iliyopanda juu ya picha. Usifute.

Ukikosa jina, usiamue kwa koo, mikono au kiuno. Mafundi wa studio walikuwa wakipunguza viuno kwenye negativu, hata vya wanawake wenyewe. Eltinge naye alijibana kwa koseti na kuvaa glavu ndefu. Tafuta ushahidi nje ya mwili: jina lililochapwa, mandhari ya jukwaa, beji za kofia za waliosimama pembeni. Beji ni muhimu sana kwa kadi za 1914 hadi 1918, kwa sababu wanajeshi waliunda vikundi vyao vya burudani. The Dumbells wa Kanada walianza 1917, na Ross Hamilton akawa maarufu humo kama Marjorie.

Wala gauni halikuambii mtu aliishije. Ernest Boulton na Frederick Park walipigwa picha na Frederick Spalding wa Chelmsford wakiwa katika mavazi ya kike. Walicheza maigizo, na pia walitoka mitaani wamevaa hivyo. London ikawakamata 1870, na 1871 baraza la wazee wa mahakama likawaachia. Picha ni zilezile kwa maisha yote mawili. Ndiyo maana kwenye lebo napenda kuandika kinachoonekana: «mtu aliyevaa gauni la jioni, jukwaa la mbao, askari wawili nyuma». Neno la kumhukumu mtu ukishalibandika, kila anayenakili baada yako analibeba.

Kuskani ni haraka. Postikadi, dpi 600 (nukta kwa kila inchi), ambayo inakupa takriban pikseli 3300 kwa 2100. Zile kadi ndogo za karne ya 19, dpi 1200. Hifadhi kama faili la aina ya TIFF, tumia rangi hata kama picha ni nyeusi na nyeupe, maana rangi ya kahawia ni ushahidi. Zima kipengele cha kuondoa vumbi, kinakula shanga na lesi. Skani na mgongo pia.

Andika bahasha kwanza, ndipo uingize kadi. Ukiandika kadi ikiwa ndani, kalamu inachora mtaro kwenye picha. Na ukiirudisha kwenye albamu ni njia ileile: plastiki chini, karatasi ibonyezwe, kadi isikunjwe. Sasa nipe ile ya pili, yenye mtu wa suti na kofia ndefu. Hiyo huenda ni mwanamke, na tunaanzia tena mgongoni.