Mimi na Wewe Tulishamalizana

Wazee wangu, ndugu zangu wa Tanga, salamu tumeshapeana. Wengi mmenisikia nikilisema hili Pangani, Muheza na humu humu Ngamiani, na nitalirudia: anayekula hela ya mgombea anauza mdomo wake.

Shangazi yangu anakaanga mihogo Makorora. Mwaka mmoja alikuwa mjumbe kwenye kura za maoni za udiwani, ndani ya chama chake. Saa nne usiku kijana akabisha hodi na mfuko mweusi: doti ya khanga, kilo mbili za sukari na bahasha. Mle ndani noti tano za elfu kumi kumi, mpya, zimegandana hata kuzihesabu taabu. Akaambiwa aweke mkono juu ya msahafu, aape. Akaapa. Mtu wake akapita.

Haukupita mwaka, bomba la mtaani likakauka. Akina mama wakamtuma shangazi, si ndiye anayejuana na mkubwa? Akajitanda khanga ile ile, akaenda. Kakaa kwenye benchi toka saa tatu mpaka adhuhuri inaadhiniwa. Kuingia, hata kiti hakupewa. "Mama, mimi na wewe tulishamalizana."

Alirudi hana neno. Khanga ile akaichana, ikawa tambara la kuepulia sufuria. Lipo jikoni mpaka leo, limeungua pembe mbili, jina lake halisomeki tena.

Sasa najua kuna anayesema moyoni: "Hela zao tule, kura tumpe tunayemtaka." Jibu hili limenichosha! Kwenye uchaguzi mkuu, kwenye maelfu ya kura za siri, labda. Lakini wajumbe 300 ukumbini? Mgombea anawajua kwa majina, kwa mitaa, mpaka kwa madeni yao. Na zidisheni wenyewe: wajumbe 300, kila mmoja shilingi 50,000, ni milioni 15, hata kampeni haijaanza. Mwalimu mstaafu mwenye akili zake atazitoa wapi? Huyo hata fomu hachukui, na nyinyi hamtajua kamwe kwamba mlimkosa. Aliyezitoa je, kama alizikopa, atazirudisha kwa mshahara gani?

Mwingine ataniambia takrima, huko mgombea kuwakirimu wapiga kura, ni mila. Mila! Mwaka 2000 Bunge liliingiza takrima kwenye Sheria ya Uchaguzi, ikawa halali. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na wenzao wakaenda Mahakama Kuu, na mwaka 2006 vifungu vile vikafutwa, kwa sababu vilimbagua mgombea asiye na kitu. Sisi mgeni tunamkirimu kahawa na kashata. Nani amewahi kumwapisha mgeni kwa kikombe cha kahawa?

Nilitaka kusema ya ruzuku za vyama, na ya wafanyabiashara wanaochangia kampeni halafu wakaja kudai zabuni. Mwenyekiti ananionyesha saa. Basi hili moja: Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010 inamtaka mgombea aeleze fedha kazipata wapi na kazitumiaje. Nani humu ameiona hesabu ya mgombea wa kata yake? Nyoosheni mikono.

Yule bwana wa nyuma, peke yake? Mpeni kipaza sauti, atuambie aliionea wapi.